Mtunzi wa Hadithi za Mapenzi na Wenzake Mtandaoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni majibu kwa anayeandika hadithi za mapenzi kwa Kiswahili, awe ameshaachia sehemu mia moja au ana sura mbili tu zilizolala kwenye simu. Kuandika mapenzi ni kazi, na wanaoifanya wanastahili wenzao wa kazi.

Watunzi wa hadithi za mapenzi wanakutana wapi mtandaoni?

Wengi wapo Facebook, WhatsApp na Telegram. Kwa miaka mingi hadithi ya mapenzi ya Kiswahili iliishi magazetini, hasa kwenye mfululizo wa kila wiki katika magazeti ya Dar es Salaam kama yale ya Global Publishers ya Eric Shigongo. Msomaji aliachwa njia panda na neno «itaendelea», akasubiri toleo lijalo. Simu zilipoenea, mfululizo ule ule ulihamia Facebook, ukaingia kwenye makundi ya WhatsApp, na haukubadilika sana: sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, na wasomaji wanaolalamika kwamba mtunzi amewaacha na arosto.

Basi anzia pale hadithi zinaposomwa. Tafuta Facebook maneno kama «simulizi», «riwaya» na «hadithi za mapenzi». Soma mpaka umpate mtunzi ambaye sentensi zake zinakugusa, halafu shuka kwenye maoni ya wasomaji. Anayeandika «tamu, weka nyingine» ni msomaji, na Mungu ambariki. Anayeandika «mbona Zuhura amemsamehe haraka hivyo, wakati juzi alikuwa hataki hata kumwona?» huyo anaandika, au ataandika karibuni. Ndiye wa kumsalimia.

Wattpad nayo ina nafasi yake. Ilianzishwa Toronto mwaka 2006 na hadithi za mapenzi zimejaa humo, ingawa za Kiswahili ni chache ukilinganisha na za Kiingereza. Jambo linalonivutia pale ni kwamba msomaji anaweza kuweka maoni kwenye aya moja moja. Ukiona watu ishirini wamesimama kwenye aya ile ile, umejifunza kitu ambacho pongezi za jumla haziwezi kukufundisha.

Nimejiunga na makundi mengi, lakini hakuna anayenisomea kwa makini. Kwa nini?

Kwa sababu uko kwenye makundi ya wasomaji ukitafuta kitu ambacho hutolewa na watunzi. Watu wengi hawatofautishi mambo haya mawili, ndiyo maana hukata tamaa.

Kundi la wasomaji ni kubwa. WhatsApp inaruhusu watu 1,024 katika kundi moja, Telegram hadi 200,000. Huko hadithi huletwa ikiwa tayari, mtunzi hushangiliwa, kisha huombwa aendelee. Ni raha na ni riziki, lakini hakuna mtu kati ya elfu moja atakayekwambia kuwa sura yako ya tatu inarudia ya pili. Hakuja kwa ajili hiyo, na kumdai ni kumwonea.

Duara la watunzi ni dogo, watu wanne au watano, sita wakizidi. Huko mswada huletwa ukiwa mbichi, na kila mmoja ana deni kwa mwenzake: nikusomee, unisomee. Watu watano wakileta sura moja kila wiki, kila mmoja anasoma sura nne, kazi ambayo mtu mwenye ajira na watoto anaiweza. Wakiwa kumi na wawili, ni sura kumi na moja kwa wiki, na mwezi wa pili haufiki kabla watu hawajaanza kusema bando limeisha.

Ushauri wangu ni kuwa na vyote viwili, na usivichanganye. Duara lione hadithi kwanza, kundi kubwa liione baadaye.

Nitawapataje hao wanne au watano?

Usianze kwa tangazo la «nani anataka tuanzishe kundi la waandishi?» Watajibu watu sitini, na wanaoandika kweli watakuwa wachache mno.

Anza na mmoja. Msome mtunzi usiyefahamiana naye, sehemu kadhaa, si moja. Kisha mwandikie inboksi ujumbe mfupi wenye kitu mahususi: tukio gani lilikukaa moyoni, na swali moja ulilobaki nalo. Usimtumie hadithi yako siku hiyo. Akijibu na mazungumzo yakakolea, mwombe mbadilishane sura moja moja. Sura hiyo itakuonyesha kama mnafaana: amesoma mpaka mwisho? Amerudisha kwa siku mliyokubaliana? Maoni yake yanaijenga hadithi *yako*, au anataka uandike ya kwake? Akifaulu hayo, muulize kama anamjua mwingine. Watu wanaoletwa kwa mkono hukaa kuliko wanaoingia kwa linki.

Mchanganyiko wa umri na mahali unasaidia sana. Mwalimu mstaafu wa Tanga, binti wa chuo Eldoret, mama mwenye duka Muscat na kijana wa Bukavu wataona mambo tofauti katika barua moja ya posa.

Tusomane vipi bila kuvunjana moyo?

Hili ndilo jambo zito kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Hadithi ya mapenzi humfichua anayeiandika. Mtu akileta tukio la mke aliyeachwa kwa ujumbe wa simu, hujui limetoka wapi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya duara ni kumzungumzia mhusika, kamwe si mtunzi. Msiulize «hii ilikutokea?» Hata kwa utani, hata inboksi.

Ya pili, mleta mswada aseme anataka nini. «Naomba mniambie kama mnamwamini Idrisa» ni ombi linalojibika. «Naomba maoni» huleta «iko poa» nne na moyo mwekundu mmoja.

Ya tatu, mrejesho uende kwenye mifupa kabla ya ngozi. Hadithi ya mapenzi ina mifupa inayojulikana: wawili hawa wanavutwa na nini, kipi kinawazuia, ni wakati gani kila kitu kinaonekana kuharibika, na nani analipa gharama gani ili warudiane. Kosa linaloonekana sana katika simulizi zetu ni kizuizi kinachotoka nje pekee. Mama mkwe mbaya, rafiki mwenye wivu, simu iliyopotea. Vizuizi hivyo ni vitamu kwa mfululizo, lakini msomaji akigundua kwamba dakika tano za mazungumzo zingemaliza hadithi nzima, anahisi kudanganywa. Muulize mwenzako: ndani ya moyo wa huyu binti kuna nini kinachomzuia, hata kama mama mkwe angekufa leo? Swali hilo moja limeokoa miswada mingi. Baada ya hapo ndipo mnafika kwenye nukta na mkato.

Ya nne ni adabu. Kwenye duara lenye watu wa rika tofauti, kijana anaweza kumkosoa mtu mzima bila kumvunjia heshima: «Shikamoo mama. Nimeisoma sura ya nne. Naomba niseme neno kuhusu Rehema.» Na mtu mzima anajibu kama mtunzi kwa mtunzi: «Marahaba mwanangu, sema.» Anayekosolewa asijitetee siku hiyo. Ashukuru, alale, aamue kesho.

Kwa vyombo, Google Docs inafaa kwa maoni ya pembeni ya maandishi. Kwa wenye simu pekee, ujumbe wa sauti wa WhatsApp unatosha, na una faida moja ya ajabu: mtu akisoma tukio lako kwa sauti, unasikia papo hapo pale ulimi wake unapokwama. Mkikutana Zoom, akaunti ya bure hukata kikao cha kundi baada ya dakika 40. Dakika hizo zinatosha kabisa kwa sura mbili, na ukomo wenyewe huzuia porojo.

Zaidi ya kusomana, kuna shughuli gani tunaweza kufanya pamoja?

Ninayoipenda ni mbio za kuandika. Mnakubaliana saa, tuseme saa tatu usiku watoto wakiwa wamelala. Mmoja anaandika «anza», simu zinawekwa kando kwa dakika 25, kisha kila mtu anatuma idadi ya maneno na sentensi moja aliyoipenda. Mkiwa na mwenzenu Muscat, kwake ni saa nne. Aliyeko Goma, kwake ni saa mbili. Hakuna anayekosoa chochote usiku huo.

Julai 1999 Chris Baty na wenzake, jumla yao 21, walijaribu huko California kuandika riwaya kwa mwezi mmoja, na tangu mwaka 2000 Novemba imekuwa mwezi wa kuandika riwaya duniani kote. Mradi huo ulikua ukawa NaNoWriMo, lengo likiwa maneno 50,000 kwa siku 30, yaani kama 1,667 kwa siku. Shirika lililouendesha lilitangaza kufunga milango mwaka 2025, lakini mwezi haukufungwa. Duara lenu linaweza kuushika lenyewe. Ningewashauri tu msikopi lile lengo la maneno. Kiswahili hubana mambo mengi ndani ya neno moja, na 50,000 zetu ni kitabu kinene kuliko 50,000 za Kiingereza. Hesabuni matukio: tukio moja kwa siku, matukio thelathini kwa mwezi.

Mazoezi mafupi nayo yanafaa kuchangamsha duara. Andikeni tukio la wawili wanaopendana ambao hawaruhusiwi kulitaja penzi lao: kwenye daladala, msibani, mbele ya baba yake. Andikeni ugomvi ambao kila mmoja ana haki. Chukueni jina moja la kanga na kila mtu aandike hadithi ya aliyepelekewa kanga hiyo. Lugha yetu ina hazina hapo ambayo watunzi wengi wanaipita tu.

Kuna pia kalenda. 14 Februari wasomaji huwa na njaa ya hadithi fupi. 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, na ni siku nzuri kwa duara kuachia kijitabu cha pamoja. Mfano mzuri wa kijitabu cha aina hiyo ulitolewa Februari 2015 na Ankara Press, tawi la hadithi za mapenzi la Cassava Republic ya Nigeria: waandishi wa Kiafrika wachache, hadithi fupi za Valentine, zikatolewa bure mtandaoni kwa Kiingereza pamoja na lugha nyingine za Afrika. Ya Binyavanga Wainaina ilifasiriwa kwa Kiswahili na Elieshi Lema. Mpango wa namna hiyo hauhitaji zaidi ya watunzi wachache, mhariri mmoja na faili moja la PDF.

Tuzo je? Hadithi ya mapenzi inaweza kushindanishwa?

Inaweza, ikiwa imeandikwa vizuri. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea miswada ya Kiswahili ambayo haijachapishwa. Mwaka 2015 nafasi ya kwanza upande wa riwaya ilikwenda kwa Anna Samwel Manyanza, na mswada wake uliitwa *Penzi la Damu*. Kwa Tanzania ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, iliyotolewa kwa mara ya kwanza 13 Aprili 2023. Masharti hubadilika, kwa hiyo someni tangazo la mwaka husika neno kwa neno. Zaidi ya yote angalieni kama hadithi iliyokwisha kuachiwa Facebook inahesabika kuwa imechapishwa. Kama una mswada unaoutakia tuzo, usiurushe kundini hata sehemu moja.

Je, kuna vyama rasmi vya kujiunga?

Tanzania kuna UWARIDI, Umoja wa Waandishi wa Riwaya wenye Dira. Si wa mapenzi pekee, lakini riwaya ni riwaya. Afrika Magharibi kuna Romance Writers of West Africa. Uingereza chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi kipo tangu 1960 na kina mpango wa kuwasomea wanaoanza, kwa Kiingereza.

Kisa cha Marekani kinafaa kujulikana. Romance Writers of America kilianzishwa Texas mwaka 1980, na kwa muda mrefu kilikuwa chama kikubwa kuliko vyote vya fani hii, chenye wanachama kama 10,000. Mwishoni mwa 2019 ukalipuka mgogoro kuhusu ubaguzi wa rangi na jinsi uongozi ulivyomwadhibu mwanachama aliyeusema. Watu wakaondoka kwa maelfu, wakabaki kama 2,000, na mwaka 2024 chama kikaomba kinga ya mufilisi mahakamani. Wasomaji wa hadithi za mapenzi walikuwepo wakati wote huo. Kilichopungua ni imani ya wanachama kwamba watatendewa haki. Anayeongoza kundi, hata la watu watano, alifikirie hilo siku mwanachama mmoja atakapomlalamikia mwenzake.

Nikileta hadithi kundini, si wataiiba?

Wizi upo, na tusidanganyane. Mtu hukopi sehemu zote, hubadili Asha kuwa Aisha, huweka jina lake na kuanza kuchangisha.

Kisheria hadithi ni yako tangu ulipoiandika, si mpaka uisajili. Ndivyo ilivyo Tanzania Bara chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 na Kenya chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Usajili kwenye ofisi ya hakimiliki, yaani COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar, au KECOBO kwa Kenya, hukupa ushahidi, na ushahidi ndio unaokosekana mtu anapolalamika. Tunza rasimu zako zenye tarehe, jitumie kwa barua pepe kila sura. Kumbuka tu kwamba sheria hulinda maneno uliyoyaandika, si wazo. Tajiri anayempenda mpishi wake hana mwenyewe.

Kwenye duara dogo wizi ni nadra, kwa sababu kila mmoja ameiona hadithi ikizaliwa na ni shahidi wako.

Ninaandika chombezo. Nakaribishwa?

Inategemea duara, na jambo hilo lisemwe siku ya kwanza. Wapo wanaoandika mapenzi yanayoishia mlangoni mwa chumba na wapo wanaoingia ndani. Wote ni watunzi, lakini mtu asishtukizwe. Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuchapisha ponografia mtandaoni, kwa hiyo anayeendesha kundi la wazi anabeba mzigo. Na watoto hawaingii, hata kama ni mdogo wa admini.

Binafsi naamini tukio la chumbani lina haki ya kuandikwa kwa ufundi ule ule wa tukio la mahakamani. Chombezo nyingi hushindwa kwa kuwa wawili hao wangeweza kuwa watu wowote.

Natumia jina la kalamu na nyumbani hawajui. Nijilindeje?

Kundi la kawaida la WhatsApp huonyesha namba yako kwa wote waliomo. Tumia laini nyingine iliyo kwa ajili ya utunzi tu, au tumia Telegram, ambako namba inaweza kufichwa. Picha ya wasifu iwe ua, bahari, chochote kisicho sura yako. Watoto wako na mtaa wako wasitajwe.

Wanawake wanaoandika mapenzi huandikiwa inboksi na wanaume wanaodhani mtunzi ndiye mhusika. Huna deni la kuwajibu. Zuia, mwambie admini, endelea na sura yako. Kundi ambalo admini wake anasema «puuzia tu, ndivyo wanaume walivyo» si kundi la kubaki.

Ni sawa kulipia kundi?

Msomaji kumlipa mtunzi kwa M-Pesa ili apate hadithi kamili ni biashara halali. Mtunzi kumlipa mhariri pia ni halali, mkishaona kazi yake. Lakini anayetaka ada ili «akuunganishe na mchapishaji», na hakuonyeshi kitabu hata kimoja alichokiwezesha, shika pesa zako.

Kiswahili changu ni cha Lubumbashi. Watanicheka?

Wakikucheka, hama. Mazungumzo ya wahusika wako yabaki na ladha ya kwenu, iwe Lubumbashi, Lamu au Eastleigh. Mapenzi hayatongozwi kwa lugha ya tangazo la serikali. Masimulizi yenyewe yalete karibu na sanifu ikiwa unalenga tuzo au mchapishaji, na hapo ndipo mwenzako wa Morogoro atakapokufaa, kama wewe utakavyomfaa kwa nyimbo na vionjo asivyovijua.

Mwenzetu analeta sura zilizoandikwa na akili unde (AI). Tumwambieje?

Mwulizeni waziwazi, bila kumfedhehesha kundini. Anayetaka mashine imsahihishie tahajia na anayeleta sura nzima ambayo hakuiwaza ni watu wawili tofauti. Huyo wa pili anakula muda wa watu wanne ambao wangeweza kumsomea mtu.

Kundi letu limepoa. Tulifunge?

Kwanza mwandikieni kila mmoja inboksi, msiulize kundini. Mara nyingi mmoja amefiwa, mwingine amejifungua, wa tatu aliumizwa na maoni fulani na hakusema. Kisha punguzeni: siku moja tu kwa wiki, sura moja tu, anayeleta ajulikane kabla. Wawili wakibaki wanasomana, duara lipo.

Mkiamua kufunga, kila mtu apewe nafasi ya kuchukua maandishi yake na maoni aliyopewa. Tovuti ya Nigeria ya Okadabooks ilipofungwa Novemba 2023, waliokuwa na nakala zao walihamia kwingine. Fanyeni hivyo hivyo kwa kundi la WhatsApp: kila sura iwe kwenye faili nje ya simu, na mswada wa mwenzenu aliyenyamaza muutunze mpaka aulizie.